Kabla hujailaumu betri, na baada ya kuinunua

Betri nyingi za gari hununuliwa kwa hasira. Gari limegoma kuwaka, mwenye gari amechelewa, watu wamesukuma mpaka jasho limewatoka, na sasa amesimama mbele ya muuzaji wa kwanza aliyemwona anasema, "Nipe betri ya gari dogo." Muuzaji anampa iliyopo. Bahati ikiwa upande wake, inaingia. Isipoingia, italazimishwa: waya zitavutwa, bati la kuibania litatupwa kando, na mteja ataondoka anachekelea kwa sababu gari limewaka.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya mezani. Ila gari langu ni kuukuu, la dada yangu ni la kisasa lenye kompyuta kila kona, na shemeji ana pikapu inayoweza kulala wiki nzima bila kuguswa. Betri za magari yote matatu nazibadilisha mimi, kwa ukaidi zaidi kuliko ubahili, na msimamo wangu ni huu: kazi ya spana ni ndogo sana. Kazi kubwa ni kujua kama betri imekufa kweli, halafu kusoma yaliyoandikwa juu yake bila papara.

Tuanze na kufa kwenyewe.

Ukiwasha ukasikia tiki-tiki-tiki ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme ni mdogo. Ukisikia "tok" moja nzito na taa zikabaki ziking'aa vilevile, mimi shaka yangu huhamia kwenye stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, au waya zake. Na usiposikia kitu chochote, shika terminali za betri, yaani vibanio vya waya vinavyoshika vichwa vyake, uzitikise kwanza kabla hujampigia mtu simu. Terminali iliyolegea, au iliyokaa vizuri lakini imejaa unga kwa ndani, inaweza kuwasha redio na taa bila shida. Redio haihitaji umeme mwingi. Stata inahitaji ampea mia na zaidi kwa mkupuo, na hapo ndipo mguso mbovu unapojulikana.

Kisha mita. Mita ya umeme ya kawaida kabisa inatosha, na kwangu mimi ni chombo cha kukaa garini pamoja na jeki. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20, mwiba mwekundu kwenye kichwa cha chanya, mweusi kwenye hasi. Gari liwe limezimwa kwa saa kadhaa. Ukipima dakika chache baada ya kuzima injini utadanganywa, maana chaji ya juujuu ni kama povu: kikombe kinaonekana kimejaa. Ukiwa huna subira ya kungoja, washa taa kubwa kwa dakika moja hivi, zima, subiri kidogo, pima.

Ndani ya betri ya volti 12 mna seli sita, kila moja ikiwa na volti 2.1 hivi. Kwa hiyo betri iliyojaa husoma 12.6, au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na chini ya hapo haina cha kujivunia. Ukikuta 10.5 au karibu na hapo, na hata ukiichaji hairudi juu, mara nyingi seli moja imekufa, nyingine tano ndizo zinazokujibu. Hiyo usihangaike nayo, nunua mpya.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote hufanywa na watu wawili. Mmoja anashikilia miba ya mita juu ya vichwa vya betri, mwingine anapiga stata. Dada yangu hupenda kukaa kwenye usukani, mimi nainama bonetini. Anapopiga, namba inashuka ghafla. Betri nzima hushuka mpaka 10 na ushei, injini inashika, namba inapanda. Ikiporomoka chini ya 9.6 katika joto la kawaida, wakati kabla ya hapo ilisoma 12.6 nzuri tu, betri hiyo imechoka. Ina volti lakini haina nguvu. Ni tofauti ambayo watu wengi huikosa, wanasema "mbona nimepima ikasoma kumi na mbili?"

Injini ikishawaka, usiiondoe mita. Sasa inapima kazi ya altaneta, ile inayoichaji betri injini ikiwa inaunguruma. Kwa magari mengi itasoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka taratibu, betri haina kosa lolote, hailishwi. Mpya utakayoiweka itakwisha vilevile. (Gari la dada altaneta yake inaongozwa na kompyuta, namba zake hupanda na kushuka zinavyotaka. Huko sihukumu kwa kuchungulia mara moja.)

Kisa cha pikapu ya shemeji ndicho kilichonifundisha kutoamini betri imekufa mpaka nione maiti. Betri ilikuwa changa, altaneta inachaji vizuri, lakini gari likilala siku tatu nne linaamka limekufa. Shemeji alikuwa tayari kununua nyingine. Nikamwomba anipe jioni moja. Tukazima kila kitu, tukafunga milango, tukasubiri gari litulie, maana kompyuta zake huchukua muda kulala. Nikafungua terminali ya hasi, nikaiweka mita katikati ya waya na kichwa cha betri ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. (Hapo usiwashe gari kamwe, fyuzi ya mita itaruka, au mita yenyewe.) Gari lililolala huruhusiwa kunywa umeme kidogo kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu ya kompyuta, chini ya miliampea 50 mimi silalamiki. Pikapu ilikuwa inakunywa karibu nusu ampea nzima.

Tukaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku jicho likiwa kwenye mita. Ilipochomolewa ya taa za ndani, namba ikaanguka. Taa zote za ndani zilikuwa zimezimwa, tuliziona kwa macho. Mwishowe shemeji akaingiza kidole kwenye upenyo wa droo ya dashibodi, ile ya upande wa abiria, akakitoa haraka. Mle ndani mlikuwa na joto kali. Balbu ya watti 5 ilikuwa inawaka mle gizani usiku na mchana kwa sababu kiswichi cha kifuniko kilikwama. Piga hesabu: watti 5 kwa volti 12 ni ampea 0.4 hivi, kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 60 haimalizi wiki. Tuliitoa balbu, basi.

Haya, tuseme umepima na imekufa kweli. Unanunua ipi?

Jibu langu la kwanza ni: itazame iliyomo. Lakini usiishie hapo, kwa sababu aliyeiweka anaweza kuwa yule muuzaji wa "iliyopo". Fungua kitabu cha gari kama unacho, kitakutajia ukubwa. Halafu angalia sahani ya chini inayokalia betri. Ikiwa betri inaelea katikati ya sahani kubwa, au ukingo wake umepanda juu ya sahani, tayari umejua iliyomo si yake.

Betri za magari ya Kijapani zina namba inayosema karibu kila kitu. Langu linatumia 46B24L. Ile 46 ya mbele ni daraja la nguvu; kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo betri inavyokuwa na ubavu. B ni kundi la upana na kimo, ambapo D ni nene kuliko B. 24 ni urefu kwa sentimita, kwa kukaribia. Na L ni upande wa vichwa. Igeuze betri ili vichwa viwe upande ulio karibu nawe: ya L itakuwa na hasi kushoto na chanya kulia. Ya R ni kinyume chake. Zikisimama dukani bega kwa bega ni mapacha, na ukichukua asiye wako, waya wa chanya hautafika, au utafika kwa kuvutwa ukikatiza juu ya chuma. Waya wa betri ukivutwa hivyo, mtikisiko wa injini utaumaliza mpira wake siku moja, na siku hiyo utaona moto.

Kuna na herufi ya mwisho inayosahaulika: S. 46B24L ina vichwa vyembamba, 46B24LS ina vinene. Ukiweka terminali nene kwenye kichwa chembamba utakaza mpaka nati iishe na bado itazunguka. Watu huchomeka kipande cha bati au karatasi ya risasi ili kuziba nafasi. Mimi nasema rudi ukabadilishe betri.

Betri za Ulaya zina mpangilio wake, na nyingi vichwa vyake vimezama ndani ya mfuniko, haviinuki juu kama vya Kijapani. Kimo kinahusika hapa kuliko watu wanavyodhani. Betri ndefu kupita kiasi, boneti ikifungwa, chuma cha boneti kinaweza kugusa kichwa cha chanya. Sihitaji kueleza zaidi.

Sasa namba za nguvu. Ampea-saa, yaani Ah, ni ujazo: betri ya 60 Ah imepimwa kwa kutoa ampea 3 kwa saa 20. Hiyo ni habari ya kukaa na redio na taa. Namba ya kuwasha injini ni ile yenye herufi CCA: ni ampea ngapi betri inaweza kutoa ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa sekunde 30, bila kushuka chini ya volti 7.2. Hivyo ndivyo Wamarekani wanavyopima. Wazungu wa Ulaya wana kipimo chao, EN, chenye sekunde na volti tofauti, kwa hiyo ukilinganisha betri mbili hakikisha herufi zinazofuata namba ni zilezile. Anayeishi kwenye joto anaweza kuuliza baridi hiyo inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu ndicho kipimo kilicho wazi zaidi cha ubavu wa betri, na dizeli, ambayo ni ngumu kuizungusha, inataka ubavu mwingi kuliko petroli. Halafu joto ndilo linaloua. Baridi huifanya betri iwe mvivu; joto huozesha mabamba yake ya ndani kimyakimya, na betri iliyoumizwa na joto huja kuonekana imekufa siku ya baridi.

Kuna hofu kwamba betri yenye ampea nyingi kuliko ya awali "itaunguza" gari. Haiunguzi. Stata huchukua umeme inaouhitaji, haimiminiwi. Mradi volti ni 12 na umbo linaingia, ongezeko kidogo la CCA au Ah halina ubaya. Pungufu ndilo lisilokubalika. Ila usiende mbali sana, kwa sababu betri kubwa mno kwenye gari la safari fupifupi itakaa nusu tumbo, na betri ya risasi ikikaa nusu tumbo mabamba huota chumvi ngumu ya salfeti isiyoyeyuka tena.

Nikikaa na vitu hivi huwa nashangaa uzee wake. Gaston Planté, Mfaransa, alitengeneza betri ya risasi na asidi mwaka 1859, kabla ya gari la petroli kuwapo. Stata ya umeme ya Charles Kettering iliingia kwenye Cadillac za mwaka 1912, na kabla ya hapo watu walizungusha injini kwa mpini, na mpini ukirudi nyuma unavunja mkono. Risasi, asidi, maji. Mpaka leo.

Kwa gari la dada mambo ni mengine. Lake hujizima kwenye foleni na kuwaka lenyewe ukigusa pedali, na betri ya kawaida haiwezi maisha hayo. Yanataka betri iliyoandikwa EFB (ya asidi ya maji, ila imeimarishwa) au AGM (asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo). Sheria hapa haina mjadala: lililokuja na AGM lirudishiwe AGM, lililokuja na EFB lipewe EFB au lipandishwe AGM, lakini usishushe kamwe. Na baadhi ya magari ya namna hii hutaka kompyuta iambiwe kuwa betri ni mpya, kwa mashine ya fundi, la sivyo itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile nzee. La dada ni mojawapo. Hapo ukaidi wangu huishia: natoa na kuweka, halafu yeye anakwenda kwa fundi umeme kuisajili.

Jambo la mwisho kabla hujalipa, nalo ndilo linaloniudhi dukani kuliko yote: umri. Betri iliyokaa rafuni inajimaliza yenyewe polepole, na ikiachwa imepungukiwa inaota salfeti ileile niliyoitaja. Tafuta tarehe. Huwa imegongwa kwenye plastiki au iko kwenye kistika, pengine kwa msimbo. Mwambie muuzaji akusomee. Iliyozidi miezi sita mimi naiacha, hata ing'ae vipi. Na ukitoa mita mfukoni ukapima papo hapo, ikasoma chini ya 12.4, mwombe nyingine. Muuzaji mmoja aliwahi kunikasirikia kwa hili, akaniambia betri zote mpya huwa hivyo. Akainuka mwenyewe kunitolea ya nyuma iliyosoma 12.7.

Kufunga sasa. Zima kila kitu, toa ufunguo, uwe nao mfukoni. Gari lisilo na umeme linaweza kukufungia nje. Kama redio yako inadai namba ya siri ikikatiwa umeme, itafute kwanza. Vua pete na saa ya chuma. Miwani ya kinga vaa, maana betri hutoa haidrojeni, na haidrojeni na cheche ni maadui wa macho.

Anza na hasi, mara zote. Spana namba 10 hufungua terminali nyingi. Sababu ni hii: bodi yote ya gari imeungwa na hasi. Ukianza na chanya, na mkia wa spana ukagusa chuma chochote pembeni, umeunganisha chanya na hasi kwa spana, na spana inaweza kuchomelewa pale pale mkononi mwako. Ukiwa umeshatoa hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu. Terminali ikikataa kutoka usiipige nyundo. Fungua nati zaidi, ipanue mdomo kwa bisibisi, izungushe huku ukiivuta juu.

Kisha chanya, kisha bati la kubania. Inua kwa miguu, siyo kwa mgongo, betri ya gari dogo ina kilo kumi na kitu na imekaa mahali pabaya pa kuinamia. Ibebe wima.

Chini yake ndipo ninapotumia muda mwingi. Ule unga mweupe wenye ubluu kwenye terminali na sahani ni kazi ya asidi, usiupulize wala usiushike kwa mkono mtupu. Nachanganya bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, na maji ya vuguvugu, namimina kidogo. Unachemka, unatoa mapovu, halafu unanyamaza. Mapovu yakiisha, asidi imekwisha. Nasuuza, nakausha, nasugua ndani ya terminali kwa brashi ya waya mpaka risasi iwe ya kijivu inayong'aa.

Mpya inaingia, na kitu cha kwanza kufungwa ni bati la kubania. Narudia: bati kwanza. Betri isiyobanwa inarukaruka, na mtikisiko hupukutisha mabamba ya ndani. Shika betri uitikise. Gari zima linapaswa kutikisika nayo. Kisha chanya, kisha hasi, kinyume cha kutoa. Kaza mpaka terminali isizunguke kwa mkono, basi. Risasi ni laini, ukizidisha unaipasua. Grisi au mafuta mazito ya kujipaka yapakwe juu baada ya kukaza. Betri iliyo ndani ya buti huwa na kibomba cha kutoa gesi nje, nacho kitoke kwenye ya zamani kiingie kwenye mpya.

Washa. Injini inaweza kutetemeka kidogo ikiwa inajifunza upya mzunguko wake wa chini, na vioo vya otomatiki vinaweza kusahau kujifunga vyenyewe. Kwa magari mengi unakishusha kioo mpaka chini, unakipandisha mpaka juu, na kushikilia kitufe sekunde chache. Pima altaneta tena. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri, maana risiti itapotea.

Ile ya zamani usiiache nyuma ya nyumba na usimwage maji yake popote, ni asidi yenye risasi ndani, na risasi ni sumu kwa watoto hasa. Mpelekee muuzaji wa betri au mnunuzi wa vyuma chakavu anayezipokea zikiwa nzima. Risasi yake huyeyushwa ikawa betri nyingine, kwa hiyo wengi hukupunguzia bei ya mpya ukienda nayo. Mimi huiweka kwenye beseni la plastiki ndani ya buti, imesimama wima, nikaipeleka siku hiyohiyo.